Tenga, kreti na nyanya zinazobaki njiani

Tango moja likitupwa, madhara yake kwa mazingira yanalingana na ya plastiki ya kutosha kufungia matango 93. Hesabu hiyo ilipigwa Uswisi na watafiti wa taasisi ya Empa wakishirikiana na maduka ya Lidl ya nchini humo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Walilifuata tango linalolimwa Hispania, linalosafirishwa kwa lori hadi Uswisi na kupangwa dukani likiwa limebanwa na plastiki nyembamba mwili mzima. Plastiki hiyo ilichangia takriban asilimia 1 tu ya madhara yote ya tango. Na kwa kuwa tango lililofungwa halinyauki upesi, sehemu ya matango inayotupwa madukani ilipungua kwa wastani wa asilimia 4.8 ya matango yote. Watafiti wakasema faida ya plastiki hiyo kwa mazingira ni karibu mara 5 ya hasara yake.

Mwaka huohuo, shirika la WRAP la Uingereza lilitoa ripoti iliyoelekea upande mwingine. Lilipima matufaha, ndizi, brokoli, matango na viazi, yaliyofungwa na yasiyofungwa, ndani ya friji na nje yake. Likakuta kwamba yakishafika nyumbani, kifungashio hakisaidii sana. Kinachosaidia ni ubaridi wa friji, na zaidi ya hapo ni mtu kununua kiasi anachoweza kumaliza. Anayeishi peke yake akikuta viazi vimeshafungwa kwenye mfuko mkubwa, ataubeba mfuko wote, na sehemu yake itaishia kwenye pipa. Ushauri wa WRAP ukawa kwamba mazao hayo yauzwe bila kufungwa.

Sioni aliyekosea hapo. Uswisi waliangalia barabara ndefu na rafu ya duka. Uingereza wakaangalia jiko la mlaji. Kila mmoja alipima mahali chakula kinapopotea kwake. Ndiyo maana napata shida ninapoona hoja za vifungashio zinaletwa kwetu zikiwa zimeshaamuliwa, ama kwa kauli kwamba plastiki ni adui basi, ama kwa tangazo la teknolojia mpya ya kufungia matunda, na hakuna aliyeuliza chakula chetu sisi kinapotelea wapi.

Mimi nafanya kazi na vikundi vya wakulima wa mboga Nyanda za Juu Kusini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kufuata mzigo kutoka shambani mpaka sokoni. Kwa nyanya, jibu langu ni kwamba hasara iko ndani ya tenga, na tenga liko barabarani.

Nyanya ikishachumwa haijafa. Inapumua, inatoa joto, na kadiri inavyoiva inatoa gesi ya ethilini ambayo inaziharakisha zilizo jirani nayo ziive. Ikichubuka, inapumua kwa kasi zaidi na kuvu anapata mlango. Kwa hiyo kifungashio kizuri cha nyanya kina kazi chache sana za kufanya: kuziacha zipate hewa, kuzizuia zisigongane, na kuhakikisha hakuna nyanya inayobeba uzito wa nyingine nyingi juu yake. Tenga letu linashindwa zote.

Ilula, wilayani Kilolo, mkoa wa Iringa, ni sehemu mojawapo inayoilisha Dar es Salaam kwa nyanya. Ukipita barabara kuu ya kwenda Zambia wakati wa msimu utayaona matenga yamepangwa pembeni yakisubiri gari. Mengine ni ya mianzi, mengine ya mbao nyembamba, mara nyingi mabanzi yanayobaki miti ya misindano inapopasuliwa. Fundi anapigilia misumari harakaharaka na ncha zinatokeza kwa ndani. Chini hutandikwa nyasi au magazeti. Nyanya zinamiminwa, tenga linatikiswa kidogo ili zishikane, zinaongezwa, zinapanda juu ya ukingo, zinaongezwa tena. Kisha zinafunikwa kwa nyasi, na mfungaji anaweka goti juu ya mzigo ili kamba ikaze vizuri. Nimesimama karibu na kazi hiyo mara nyingi na kila goti linaposhuka unasikia kitu kinaachia kule chini.

Baada ya hapo ni safari ya zaidi ya kilomita 400. Fuso linateremka Kitonga, linapita Ruaha Mbuyuni, linaruka matuta ya hifadhi ya Mikumi, Morogoro, Chalinze, na alfajiri liko soko la Ilala, Dar es Salaam. Matenga yamepandana, na yale ya chini yamebeba ya juu kwa mgongo wa nyanya zenyewe, maana ukingo hauna kazi tena mzigo ukishazidi.

Sokoni, tenga likifunguliwa, za juu zina alama za kamba. Za katikati ndizo zilizofika. Za chini zimepasuka, maji yake yamelowanisha magazeti na mbegu zimegandia kwenye mbao. Kina mama wanaochambua wanakaa chini na kuzigawa bila kuzungumza sana: za kwanza, za pili, masalo. Masalo yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa mama lishe na kwa wenye vibanda vya chipsi, kwa hiyo si kila nyanya iliyopondeka inaingia jalalani, na anayehesabu hasara kwa kilo zilizotupwa peke yake hataiona hasara yenyewe. Mkulima ameweka mbolea, dawa, maji na vibarua kwenye nyanya ya daraja la kwanza, na soko limelipia masalo. Kinachobaki baada ya masalo kinafagiliwa na kupelekwa dampo, ambako kikifukiwa bila hewa kinatoa methani, gesi inayopasha joto angahewa mara nyingi zaidi ya kabonidayoksaidi.

Kwa dunia nzima, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja, na kwa mboga na matunda kiwango hicho kinapita asilimia 20. Jopo la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, nalo mwaka huohuo likasema chakula kinachopotea na kutupwa kinabeba asilimia 8 hadi 10 ya gesijoto zote zinazotokana na shughuli za binadamu. Nazitaja namba hizi kwa sababu katika mikutano yetu ya mazingira nyanya iliyooza haitajwi kabisa. Inaonekana ni taka inayojiondokea yenyewe, eti itarudi kuwa udongo. Maji yaliyoinyweshea kutoka mto Ruaha Mdogo hayarudi mtoni, na mbolea iliyotiwa kwa ajili yake ilishakwenda zake.

Watu wa pwani wana msemo: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Pakacha lile la makuti likivuja njiani, mwenye kulibeba anapunguziwa uzito, na mwenye mali yuko mbali. Sijui kauli inayoeleza biashara ya nyanya vizuri zaidi. Dereva analipwa kwa tenga. Mpakiaji analipwa kwa tenga. Dalali anachukua chake kwa tenga. Mkulima naye anauza kwa tenga. Katika mnyororo wote huo hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kilo zilizofika salama, na kila mmoja anapeleka hasara kwa aliye nyuma yake mpaka inamfikia mama mkulima wa Ilula, ambaye nyuma yake hakuna mtu.

Kifaa cha kuzuia hasara hii kipo na si kigeni. Kreti ya plastiki ngumu, yenye matundu pembeni, laini kwa ndani, inayobeba kama kilo 20 au 25. Kreti zikipandana, uzito unapita kwenye kuta zake na kushuka mpaka sakafu ya gari, nyanya hazibebi kitu. Unaiosha, unaianika, inarudi kazini kwa miaka. Miradi imezileta vijijini zaidi ya mara moja, zikagawiwa kwa sherehe, na picha zikapigwa. Ukirudi baadaye unazikuta zimehifadhi vyombo, zimekaliwa uani, kuku ameatamia ndani ya mojawapo. Watu wa miradi hutoka hapo wakisema wakulima hawataki mabadiliko. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu mkulima ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote katika kuamua nyanya zisafiri ndani ya nini.

Dalali mmoja wa Ilala alinieleza waziwazi. "Dada, kreti yako nzuri, sikatai. Lakini mteja wangu amezoea tenga. Akiona limepanda mpaka juu anajua kapata. Kreti iko bapa, juu hakuna kitu. Nimwambie nini?"

"Mwambie kilo," nikamjibu.

"Mizani ya nani?"

Swali lake lina uzito kuliko maandiko mengi ya miradi niliyosoma. Tenga ni kifungashio, lakini kabla ya hapo ni kipimo, na ni kipimo kinachonyumbulika. Ile nyanya inayopanda juu ya ukingo ni lumbesa, na lumbesa ndiyo faida ya anayenunua shambani. Kreti ina mwisho. Ikijaa imejaa. Ukileta kreti umeleta kipimo kipya mezani, umegusa mfuko wa mtu, na mtu huyo ndiye mwenye gari na ndiye mwenye wateja. Tanzania ina Sheria ya Vipimo na ina Wakala wa Vipimo, na lumbesa imepigwa marufuku kwa miaka, lakini marufuku inakutana na mkulima mwenye nyanya zilizoiva leo na gari moja tu limesimama. Hana nguvu ya kugoma. Kenya wana jambo hilohilo kwenye viazi: gunia lililoongezewa kilemba cha wavu juu wanaliita mukorino, na kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Huko nako vita ya kifungashio imekuwa vita ya kipimo tangu mwanzo.

Tatizo la pili ni safari ya kurudi. Fuso likishushwa Ilala halirudi tupu. Linabeba saruji, sabuni, mabati, chochote chenye malipo. Kreti tupu zinakula nafasi na hazilipi nauli. Tenga la mabanzi halina shida hiyo, linaachwa sokoni, linageuka kuni, na kesho linapigiliwa jingine. Kwa mwenye gari, tenga la kutupa ni rahisi. Gharama yake iko kwenye miti na kwenye nyanya, na vyote viwili vinalipwa na mwingine.

Hata hivyo sisi tumewahi kulitatua jambo hili, na tunalitatua kila siku bila kulisifu. Kreti ya soda imekuwa ikirudi kiwandani tangu tukiwa watoto. Huwezi kuondoka na soda dukani kwa mangi bila chupa tupu au bila kuweka pesa ya chupa. Gari linalopeleka mzigo ndilo linalorudisha kreti, duka linajua lina ngapi, wakala anajua, kiwanda kinajua. Kreti ile ni plastiki, na huioni mtoni. Ina mwenyewe, na kila mkono inapopita kuna pesa inayoisindikiza.

Ulaya nayo inafanya hivyo kwa mboga. Kampuni ya IFCO, iliyoanza Ujerumani mwaka 1992, haiuzi kreti. Inazikodisha kwa wakulima, maduka yanazipokea na mzigo, kisha zinarudi kuoshwa na kukodishwa tena. Nigeria, Nnaemeka Ikegwuonu alianzisha ColdHubs, vyumba vya baridi vya umeme wa jua vilivyowekwa masokoni na mashambani, ambako muuzaji analipa kwa kreti kwa siku. Kreti inakuwa ndiyo tiketi. Katika mifano yote hii plastiki yenyewe ni jambo dogo. Kilichobuniwa ni nani anamiliki chombo, nani anakirudisha na nani anakiosha.

Kuosha nako kuna gharama yake, nisije nikalipita. Kreti isiyooshwa inasafirisha ukungu wa nyanya za wiki iliyopita. Inahitaji maji, dawa ya klorini, sehemu ya kuanikia na mfereji wa kupokea maji machafu. Soko likianzisha kituo cha kuosha kreti bila kufikiria maji yale yanakwenda wapi, litakuwa limehamisha uchafu kutoka kwenye tenga kwenda kwenye mtaro.

Naona niseme pia juu ya ubaridi, kwa kifupi. Nyanya inapenda joto la nyuzi 12 au 13 hivi. Friji ya nyumbani ni baridi mno kwake. Si kila kijiji kitapata chumba cha umeme wa jua. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya India, IARI, ilibuni miaka ya 1980 kichumba cha kuta mbili za matofali zilizojazwa mchanga katikati. Mchanga unamwagiwa maji, yanavukizwa, na ndani kunapoa bila umeme. Mahali penye hewa kavu kinafanya kazi vizuri, penye unyevunyevu kama Dar hakisaidii. Na kabla ya hicho kuna kivuli. Kibanda cha makuti au nyasi pale mzigo unaposubiri gari kinaokoa nyanya nyingi kwa gharama ndogo, na bado naona matenga yamepangwa juani mchana kutwa.

Najua atakayeuliza: tumepiga marufuku mifuko ya plastiki, sasa unataka turudishe plastiki kwa jina la kreti? Naichukua hoja hii kwa uzito kwa sababu naiunga mkono marufuku ile. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 28, 2017, na Tanzania Bara ikaanza Juni 1, 2019. Anayekumbuka mitaro ya Dar ilivyokuwa kabla ya hapo, na bonde la Msimbazi pale Jangwani baada ya mvua, hawezi kuitamani mifuko ya rambo irudi.

Kuna utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Denmark wa mwaka 2018 ambao hupenda kutajwa na wanaotetea mfuko mwepesi. Unasema mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 52 ndipo ulingane na mfuko wa plastiki wa dukani kwa upande wa tabianchi, na mara 7,100 ukipimwa kwa vigezo vyote vya mazingira walivyotumia. Ni namba za kushtua na sina sababu ya kuzibishia. Ila utafiti huo haukuhesabu madhara ya mfuko unaotupwa ovyo, kwa kuwa Denmark taka zinakusanywa na kuchomwa kwenye mitambo inayozalisha umeme na joto. Kwetu mfuko ulioachwa Manzese unaingia mtaroni, mtaro unaingia Msimbazi, Msimbazi unaingia baharini, na kabla ya kufika huko umeziba kalvati na nyumba za watu zimejaa maji. Ukiitoa sehemu hiyo kwenye hesabu, umeitoa Dar es Salaam yote.

Kwa hiyo mizani ileile inayonifanya niikatae rambo inanifanya niitake kreti. Mfuko ulitumika nusu saa na hauna mwenyewe. Kreti inatumika miaka na inaweza kuwa na mwenyewe. Nasema inaweza, maana isipokuwa naye itavunjika vipande na kuchomwa moto nyuma ya soko, na hapo nitakuwa nimewadanganya wakulima wangu. Anayeleta kreti sokoni abanwe kuzipokea zikishachoka. Kenya imeweka wajibu wa namna hiyo kwa wazalishaji katika sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, na sioni kwa nini sisi tusiende huko.

Kuna sehemu ya marufuku ambayo haikupimwa vizuri, na iliwaangukia watu wadogo. Baada ya Juni 2019 mifuko mbadala ilijaa madukani, ile laini ya rangirangi yenye mikono. Wengi wanaamini ni kitambaa. Imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Uzuri wake uko kwenye kutumika tena na tena, na wengi wetu tunaitumia mara mbili tatu ikachanika. Kwenye magenge vikaingia vile vifungashio vyepesi visivyo na mikono, vilivyokusudiwa kufungia bidhaa viwandani, vikawa ndiyo mifuko, mpaka NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikatoa tarehe ya mwisho ya Aprili 2021 kwa visivyokidhi viwango. Mwenye genge anauza nyanya kwa fungu. Mfuko wa khaki akiutoa bure umekula faida ya fungu, akiuuza mteja anahamia genge la jirani. Hakuna aliyekaa naye kupiga hesabu hiyo. Mimi naamini jibu lake ni kikapu cha mteja, kile cha ukindu tulichokiacha, lakini mama wa genge hawezi kumlazimisha mteja abebe kikapu. Hiyo ni kazi ya watu wenye sauti kubwa kuliko yake.

Niende Arusha kidogo, maana huko nako kuna mizani inayotengenezwa mbali na sisi. Kwenye vituo vya kufungashia maharage machanga, ambayo Wakenya wanayaita mishiri, kina mama wamevaa makoti meupe na kofia za wavu, chumba kina baridi mpaka vidole vinakakamaa. Wanakata ncha, wanalinganisha urefu, wanapanga kwenye kisahani, mashine inafunika na karatasi ya plastiki yenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Vitundu hivyo ndivyo elimu yenyewe. Vikizidi, maharage yananyauka. Vikipungua, hewa inaisha ndani, yanaanza kuchacha, na anayefungua Ulaya anakutana na harufu mbaya. Kisha mzigo unapanda ndege.

Ufaransa ilianza Januari 2022 kukataza plastiki kwenye matunda na mboga za aina kama 30, ingawa amri hiyo ya kwanza ilifutwa na mahakama Desemba mwaka huohuo. Sasa Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayokuja kuzuia, kuanzia Januari 1, 2030, vifungashio vya plastiki vya kutumika mara moja kwa mboga na matunda mabichi ya chini ya kilo 1.5, isipokuwa pale nchi mwanachama itakapoona vinahitajika kuzuia zao lisikauke, lisipondeke au lisiharibike. Nia yake ni njema. Lakini msamaha utaombwa na nani kwa niaba ya haragwe la Arusha? Madhara makubwa ya haragwe lile yako kwenye ndege, plastiki ni kidogo pembeni yake. Na kama jibu litakuwa kulisafirisha kwa wingi kwenye maboksi na kulipima na kulifunga kulekule, basi meza zile za chumba cha baridi zinahama pamoja na mishahara yake. Wauzaji wetu wa nje na wizara wanapaswa kuwa na takwimu zao wenyewe mapema, za upotevu wa zao lenye plastiki, lenye karatasi na lisilo na kitu, kwa safari yetu na joto letu. Empa walifanya hivyo kwa tango la Hispania. Vyuo vikuu vya Sokoine na Nelson Mandela Arusha, na taasisi ya utafiti wa kilimo TARI, wana wataalamu wa kuifanya kwa haragwe na kwa nyanya.

Kisheria mlango upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi mkubwa haujaanza. Ukijenga kituo cha kufungashia mboga utaulizwa juu ya maji machafu, taka, kelele, majirani. Hutaulizwa kifungashio kinachotoka mlangoni kitaishia wapi, wala kilo ngapi zitaoza njiani kwa sababu umechagua kile badala ya hiki. Tathmini inaishia kwenye uzio wa kiwanja. Lakini sheria hiyohiyo ina tathmini ya mazingira ya kimkakati, inayohusu sera, kanuni na mipango, na hapo ndipo suala la vifungashio vya mazao lilipaswa kukaa: upotevu wa chakula, plastiki, miti, maji ya kuoshea na riziki za watu, vyote kwenye mizani moja, kabla ya tangazo kutolewa na si baada ya magenge kuachwa yajitafutie.

Hilo litachukua muda na litahitaji Dodoma. Kuna jambo jingine linaloweza kuanza karibu zaidi. Huku ninakofanya kazi, ushuru wa nyanya kwenye kizuizi unatozwa kwa tenga. Tenga dogo na tenga lenye lumbesa linalipa sawa, kwa hiyo halmashauri yenyewe, bila kukusudia, inampa motisha anayejaza mpaka juu. Kreti tatu zenye uzito wa tenga moja zinaweza kuhesabiwa mara tatu, kutegemea na aliyeko zamu. Ushuru ukitozwa kwa kilo, sababu moja kubwa ya lumbesa inaondoka, na kreti inaacha kuadhibiwa. Kinachotakiwa ni sheria ndogo kupita kwenye baraza la madiwani, na mizani ya sakafuni yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo pale mzigo unapopakiwa, ambayo mkulima, dalali na mtoza ushuru wote wanaisoma. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mapendekezo ya ushuru yanajadiliwa miezi mingi kabla. Vikundi vyangu viwili vimeshaandika barua kwa diwani wao, na nawaomba wasomaji mlioko Kilolo, Mgeta, Lushoto na Ngarenanyuki mwangalie kwenye kizuizi chenu ushuru unatozwa kwa kipimo gani.